Dozi Iliyozimuliwa na Magugu Yasiyokufa

Barua zilizotufikia msimu huu kutoka kwa wakulima wa mpunga wa Kilombero na Usangu, ingawa zimeandikwa na watu wasiojuana, zina lalamiko moja: ya kwamba dawa ya magugu iliyokuwa ikisafisha majaruba miaka michache iliyopita sasa hunyunyizwa, na baada ya wiki mbili nyasi zimesimama kana kwamba hazikuguswa. Wengi wanashuku kuwa dawa imeghushiwa, na shaka hiyo haikosi msingi, maadamu wapo wauzaji wanaofungua dumu kubwa na kupima dawa katika chupa za soda zisizo na lebo, wala mnunuzi hawezi kujua ndani mna nini. Lakini dawa halisi nayo hushindwa, na aghalabu kushindwa kwake twakuandaa sisi wenyewe kwa mikono yetu.

Mazoea ninayoyaona kila niendako ni kuzimua dozi. Palipoandikwa vipimo vinne kwa bomba la lita 15, mkulima hutia viwili, ama kwa sababu bei imempita kimo, ama kwa sababu muuza pembejeo amemhakikishia kuwa viwili vinatosha akiongeza sabuni kidogo. Muuzaji huyo hatakuwapo wakati wa kuvuna. Nyasi changa hufa, zilizokomaa hunyauka kisha huchipua, na mwenye shamba hushukuru kwa kuwa ameokoa fedha, ilhali amekwisha kuchagua mbegu ya magugu ya mwakani kwa uangalifu uleule anaouchagulia mpunga wake.

Na ieleweke kwanza kwamba dawa haiumbi usugu. Chukua nyasi ile ambayo wataalamu huiita Echinochloa, inayofanana na mpunga ikiwa changa hata wapaliliaji wa kukodi wakaiacha; ukifunua jani pale linapoungana na bua utaitambua, kwani mpunga una kiulimi cheupe na vimasikio vyenye vinywele, nayo haina kimojawapo. Mche mmoja huangusha maelfu ya mbegu, na miongoni mwa mamilioni yaliyozikwa katika tope huenda ikawamo moja ambayo jeni yake imebadilika kidogo kwa bahati tu, kabla dawa haijanunuliwa wala kutengenezwa. Pasipo dawa, mche huo haukuwa na fadhila yoyote juu ya wenzake. Dawa ikipita wenzake wote hufa, nao hubaki peke yake na maji, mbolea na nafasi. Na kwa kuwa aghalabu nyasi hii hujichavusha yenyewe, tabia hiyo haipotei kwa kuchanganyika, bali hurithiwa na wana na wajukuu.

Jambo hili si la kukisia. Huko Arkansas, jimbo linaloongoza kwa mpunga nchini Marekani, wakulima walianza kutumia propanil karibu na mwaka 1960, na dawa hiyo iliwafaa kwa hikima moja: mpunga una kimeng'enya kinachoivunja propanil kabla haijaudhuru, na nyasi hazikuwa nacho kwa kiasi cha kutosha. (Ndiyo sababu ni hatari kunyunyiza propanil karibu na siku za kunyunyiza baadhi ya dawa za wadudu, hususan zile za jamii ya kabamati na oganofosfeti, kwa kuwa hizo hukizuia kimeng'enya hicho, na mpunga wenyewe ukaungua.) Waliirudia mwaka hata mwaka, na ilipofika 1990 zikathibitishwa nyasi zisizokufa. Watafiti walipozichunguza waligundua kwamba zinaivunja dawa kwa njia ileile ya mpunga. Ikaletwa dawa nyingine, quinclorac, nayo ikapata nyasi zake sugu kabla ya mwaka 2000.

Usugu huja kwa njia mbili. Katika ya kwanza, badiliko la herufi moja katika jeni hulibadili umbo la pahali pale ambapo dawa hushika ndani ya mmea, na mmea huo hustahimili hata dozi kamili. Dhidi ya huo kipimo sahihi hakifui dafu, na tiba ni kubadilisha dawa na kung'oa. Njia ya pili ni ya jeni nyingi ndogondogo, ambazo kila moja huuongezea mmea nguvu kidogo ya kuivunja dawa. Mmea wenye mojawapo hufa kwa dozi kamili, lakini hupona kwa nusu dozi, na wenye kupona huzaa. Neve na Powles wa Australia waliijaribu njia hii kwa nyasi iitwayo Lolium rigidum, wakainyunyizia dawa pungufu kizazi baada ya kizazi, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2005 walionyesha kuwa vizazi vichache vilitosha kuleta nyasi zinazostahimili kipimo kamili. Mwenye kuzimua dawa, basi, aifanya kazi hiyohiyo shambani mwake.

Kabla ya kulaumu dawa, kagua jaruba. Ukiona magugu ya kila aina yamebaki kwa mistari, kosa ni la bomba au la mpulizaji. Ukiona aina moja tu imebaki, na mche ulio hai umesimama kando ya mwenzake wa umri uleule aliyekufa, shuku usugu, uung'oe kabla haujatoa suke, na umwite bwana shamba. Wala usidanganyike na chapa: dawa mbili zenye majina tofauti huweza kuwa na kiini kimoja, na kubadilisha chupa si kubadilisha dawa. Soma kiini.

Maji nayo ni dawa. Jaruba lililosawazishwa vizuri, likatuamishwa maji ya sentimita tano hadi kumi baada ya miche kushika, huzuia mbegu nyingi za nyasi hii zisiote. Lisilosawazishwa huacha vilima vikavu, na hapo ndipo magugu huanzia.

Najua fedha ni chache, na simlaumu maskini kwa umaskini wake. Lakini ikiwa dawa uliyo nayo yatosha nusu ya shamba, ndugu mkulima, nyunyizia nusu hiyo kwa dozi kamili, na nusu iliyobaki uipalilie kwa mkono.