Karata ya Jumla na Hisabu ya Nyota

Katika darasa yetu kijana mmoja ametuuliza juu ya zile karata za Kizungu ziitwazo taroti, ambazo watu huzitumia kutazamia mambo yao. Ameambiwa kuwa zina karata ya jumla, nayo hupatikana kwa hisabu, na hisabu haisemi uwongo. Suala hili ni jema, kwani latugusa hata sisi tusiozijua karata hizo.

Zote ni karata 78. Katika hizo 22 ni turufu, zenye picha na namba zake. Na 56 zilizobaki zakaribia hizi tuchezazo. Mtazamiaji hupanga karata kadha wa kadha, akajumlisha namba zake. Jumla ikizidi 22, huzijumlisha tena tarakimu za jumla hiyo, na turufu yenye namba ipatikanayo ndiyo huhisabiwa kuwa kiini cha yote yaliyotoka. Tuseme zimetoka Mtawa 9, Mnara 16 na Jua 19. Jumla ni 44. Nne na nne ni 8.

Lakini ya nane ni ipi? Katika karata za kale za Marseille ya 8 ni Uadilifu, na ya 11 ni Nguvu. Mwaka 1909 Arthur Edward Waite alitoa karata zake London, naye akazibadilisha mahali hizo mbili. Basi hisabu haikukosewa hata chembe, na majawabu ni mawili! Na asili yake karata hizi zilifanywa Italia katika karne ya 15 kwa ajili ya mchezo. Habari ya kuwa ni siri za makuhani wa Misri ilienezwa na Mfaransa Court de Gébelin mwaka 1781, wakati ambao hapana aliyeweza kuyasoma maandishi ya kale ya Misri. Champollion aliyafumbua mwaka 1822.

Tusiwacheke Wazungu, ndugu zangu. Nasi tuna yetu. Huchukuliwa jina la mtu na la mama yake, yakahisabiwa kwa abjadi, ikagawanywa kwa 12, na kinachobaki ndiyo nyota yake. Natumtazame Rashid mwana wa Mariam. Rashid ni 200, na 1, na 300, na 4: jumla 505. Mariam ni 290. Zote ni 795, hubaki 3, nayo ni Jauza. Hiyo ni abjadi ya Mashariki. Kwa watu wa Maghribi shini si 300 bali ni 1000. Jumla huwa 1495, hubaki 7, na Rashid yule yule amekuwa Mizani. Je, amezaliwa mara mbili?

Abjadi yenyewe haina kosa. Wanavyuoni wameandikia tarehe kwayo. Kosa ni kuiuliza mambo ya ghaibu, ambayo ayajuaye ni Mwenyezi Mungu peke yake, na Mtume (s.a.w.) ametukataza kuwaendea watazamiaji.

Lau ungekuwa mchezo tu, pengine tungenyamaza. Lakini kwetu posa huvunjwa kwa baki hiyo. Vijana wameridhiana, wazee wameridhika, mahari yametajwa. Kisha shangazi mmoja arudi kutoka kwa mpiga bao na kusema nyota hazipatani. Binti hubaki ndani, na majirani huanza kuulizana ana kasoro gani. Wala hapana hata mmoja aliyemuuliza mpiga bao amehisabu kwa abjadi ipi.