Kusita Si Kukataa

Wanafunzi wenzangu, neno moja la Kiingereza liliniingiza matatani nyumbani mwaka jana, nami naona yafaa nilieleze hapa, asije mwingine akaanguka katika shimo lile lile.

Ofisi moja ya Dar es Salaam ilimwandikia baba barua kwa Kiingereza, ikitaka kununua ekari moja ya shamba letu la mikorosho hapa Mlandizi. Baba akaniita, akasema, “Mwanangu, wajibu kwamba nasita. Sijazungumza na baba yako mkubwa wala shangazi zako.” Nami kwa kujiona bingwa nikaandika kwamba baba ni “unwilling”. Hawakuandika tena. Baba alipokwisha kukaa na nduguze, wakakubaliana kuuza ili bibi akatibiwe macho, watu wale walikuwa wamekwisha kununua kwa jirani. Bibi alingoja mpaka msimu wa korosho.

Basi tuyatazame maneno yenyewe. “Unwilling” ni mtu asiyetaka, mlango umefungwa. “Hesitant” ni mtu anayesita: hajasema ndiyo, hajasema la, bado anapima. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kunasa. Wakati wa masika gari likizama matopeni kule bondeni Ruvu, halikukataa kwenda, limenasa tu. Hilo ndilo neno alilolitaka baba.

“Reluctant” ndilo gumu kuliko yote. Katika Kilatini maana yake ni kushindana na kitu, kama wapiganao mweleka. Mtu huyu mara nyingi jambo hulitenda, lakini moyo wake unashindana nalo. Sisi twasema amekubali shingo upande. Kwa hiyo ukisoma “He reluctantly agreed”, ujue amekubali. Ukitafsiri kwamba amekataa, umeigeuza habari. Na ukiandika “amekubali” basi, ukaiacha ile shingo, umekula nusu ya maneno ya mwenzio.

Watu wengi, hata Waingereza wenyewe, hulitumia “reticent” mahali pa “reluctant”. Maana yake ya asili ni mtu mchache wa maneno, kwani latokana na Kilatini cha kunyamaza. Mtu aweza kunyamaza huku anataka sana, kama ajuavyo kila aliyekwenda kupeleka posa.

Tena angalieni “loath” na “loathe”. Tofauti yake katika maandishi ni herufi moja tu mwishoni. La kwanza ni sifa ya mtu ambaye jambo ni zito mno moyoni mwake. La pili ni kitenzi, kuchukia kabisa. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne akiandika kwamba ni “loath” kuiacha shule, walimu watafurahi. Akiandika kwamba ana“loathe” shule, ataitwa ofisini.

Kiswahili nacho si maskini. Asitaye hajaanza; asuasuaye ameanza lakini haendi; ategaye anaikimbia kazi kwa ujanja. Nilikuwa na maneno yote haya kinywani, nikayatupa yote katika kapu moja la “hataki”.

Siku hizi nikimaliza kumwandikia baba barua, hunikalisha chini niisome kwa Kiswahili, neno kwa neno. Akisikia “hataki”, huinua mkono na kuuliza, “Hivyo ndivyo nilivyosema?”