Mlimani Si kwa Mjomba: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufika na godoro, ndoo na maonyo ya nyumbani kuhusu vibaka wa mjini. Vibaka wapo, na nitawafikia. Lakini anayekuumiza hapa kilimani mara nyingi anajua jina lako, ameshakula nawe kafeteria, na mlango ulimfungulia mwenyewe. Soma amri hizi ukimfikiria huyo kwanza. Na usinune.

Chumbani

Funga kwa ufunguo hata unapokwenda kuoga. Yuko mtu anayepita koridoni akisukuma milango. Akikukuta ndani atauliza kwa adabu, "Samahani, Juma anakaa hapa?" Asipokukuta, hana swali, na laptopu yako inashuka ngazi kwenye begi la mgongoni kama za wengine wote.

Usibebe mtu, yaani usimlaze kitandani kwako asiye na chumba. Najua kubebana kulikotoka: vitanda ni vichache kuliko wanafunzi, na hata hosteli za Magufuli zilizofunguliwa Aprili 2017, zenye nafasi 3,840, hazikuumaliza uhaba huo. Anayebebwa mara nyingi ni kijana mwenye shida ya kweli. Lakini jina lililo kwa wardeni ni lako. Simu ya mwenzenu ikipotea, utaulizwa wewe. Mgeni wa mgeni wako akizua ugomvi usiku wa manane, utaitwa wewe. Huruma ikikushinda, basi angalau wenzako wote wa chumba wakubali kwa kauli zao, na usikubali kabisa mtu aliyeletwa na rafiki wa rafiki ambaye kwao hakujulikani. Ufunguo usichongeshwe kwa ajili ya mtu yeyote.

Usichomeke hita ya maji, pasi na jiko la umeme kwenye ekstensheni moja ya bei poa. Ukisikia harufu ya waya unaoungua, usidhani ni chumba cha jirani.

Funga dirisha. Tumbili wa Mlimani hawana mchezo na mkate, na usiwalishe ili upate picha. Akikung'ata au kukuparura, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri uone kama litavimba.

Unaposoma

Usiache laptopu kwenye kimbweta, hizi meza za nje za kusomea, ati inakuwekea nafasi. Acha daftari, daftari halina soko. Usiku ukiwa mrefu, kaa penye taa na watu. Maktaba mpya iliyofunguliwa Novemba 2018 ina viti zaidi ya elfu mbili, itumie. Mkitoka, tokeni wawili watatu, na wa mwisho kufika chumbani atume ujumbe kuwa amefika.

Njiani

Usikate njia ya mkato ya vichakani kuelekea Msewe au Changanyikeni baada ya magharibi, hata kama wenyeji wanapita. Wenyeji wanajua nani amekaa wapi. Wewe hujui.

Kwenye daladala, simu isikae mkono wa dirishani, hasa gari likisimama kwenye foleni ya Mwenge au Ubungo. Begi livae kifuani wakati wa kugombea mlango, maana hapo ndipo mifuko hupekuliwa. Nauli iwe mkononi kabla hujapanda, usianze kufungua pochi mbele ya abiria thelathini.

Bodaboda: vaa kofia ngumu, na usikubali mshikaki, abiria zaidi ya mmoja, hata kama dereva ni "wa hapahapa chuo". Mfupa uliovunjika hauulizi dereva alitoka kijiwe gani.

Ukipanga geto

Usilipe kodi ya chumba usichokiona kwa macho yako, mchana, maji yakitoka bombani. Dalali akikudai hela ya kukuonyesha vyumba vitano vya Sinza, jua ametafuta hela ya soda tu. Kabla ya kutoa kodi ya miezi sita, andikiana mkataba na mwenye nyumba mwenyewe, kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe na kuuliza kama huyo kweli ndiye mwenye nyumba. Dakika kumi ofisini hapo zimewaokolea wengi ada ya muhula mzima.

Hela

Hapa ndipo nitakapokuwa mkali zaidi. Mwaka wa masomo 2022/23 posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Boom, yaani posho hiyo, la siku 60 likiingia kwa mkupuo ni laki sita, na kijana ambaye hajawahi kushika laki mbili hujiona tajiri wa Mikocheni. Wiki ya kwanza ni kuku na viatu. Wiki ya tano ni chai bila sukari na kumtafuta mtu wa kukukopesha.

Siku boom linapoingia, tenga kwanza ya chakula, nauli na kuchapisha kazi. Kilichobaki ndicho chako. Boom likichelewa, na huchelewa, usiweke kadi ya benki rehani na namba ya siri juu yake. Usikope kausha damu. Usipakue kila programu inayokopesha kwa dakika tano: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni, na yaliyolalamikiwa zaidi ni yale yanayochota namba zote kwenye simu yako kisha kumtangazia mama mkwe wa dada yako kwamba hulipi. Kubeti sikuwekei hata sentensi mbili: acha.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" upeleke bure 15040, usiujibu hata kwa matusi. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usimsajilie mtu laini kwa alama ya kidole chako kwa sababu "NIDA yangu inasumbua".

Mhadhiri akikutaka

Wapo walimu waadilifu, na ndio wengi. Haya ni kwa ajili ya yule mwingine. Mkutano wa masomo hufanyika ofisini, saa za kazi, mlango ukiwa wazi. Kazi ya utafiti haisahihishwi hotelini. Ukiitwa kwingine, jibu kwa maandishi: "Naomba nije ofisini kesho na mwenzangu." Ujumbe wake usiufute, hata ukikutia kinyaa, piga picha ya skrini na umtumie mtu mmoja unayemwamini auhifadhi.

Kudai ngono ili kutoa alama ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Piga TAKUKURU, 113, bila malipo. Piga mapema: mtego huwekwa kabla ya miadi, na ukienda kwanza ukalalamika baadaye umewapa kazi ngumu zaidi. Lipo pia dawati la jinsia. Na wewe uliyesikia habari ya mwenzako, usiigeuze kuwa stori ya kimbweta. Usimuulize alivaa nini.

Mtu akibakwa, asioge na asifue nguo. Afike hospitali haraka, kabla ya saa 72 kwisha, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifai kitu baada ya hapo. Kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Mmoja abaki naye, mwingine afuatilie fomu ya PF3 polisi. Kama aliyefanya ni mpenzi wake, amri ni hizihizi.

Tumbo na mwili

Kula kwa mama lishe, sikukatazi, lakini kiwe cha moto na maji yawe yamechemshwa. Kipindupindu kilicholipuka Agosti 2015 kilianzia jiji hilihili. Homa ikizidi siku moja, kapime. Usinunue dawa ya malaria kwa kukisia. Dar ina dengi pia, mbu wake anauma mchana, na dawa ya malaria haiigusi dengi.

Namba

Polisi 112. Zimamoto 114. Ongeza za wardeni, askari wa chuo na kituo cha afya, uliza zao ofisini leo. Ziandike kwenye karatasi ikae ndani ya pochi, kwa sababu siku utakayozihitaji huenda simu ndiyo iliyoibiwa. Andika na ya mama yako. Najua huijui kwa kichwa.