Kamari ya farasi: Hatari iko jioni, baada ya kushindwa

KUNA maradhi ambayo hayaonekani kwa macho wala hayapimwi kwa damu. Mwenye nayo hana homa wala kidonda, na akija hospitalini hulalamikia jambo jingine: kichwa kinamgonga, tumbo linamchoma, usingizi umempotea. Uraibu wa kamari ni mojawapo ya maradhi hayo. Juma hili, mpenzi msomaji, tutazungumzia sehemu yake moja tu, nayo ni ile jioni ambapo mtu amefuata madokezo ya mbio za farasi kutwa nzima na hakuna hata moja lililotimia.

Huenda ukauliza, farasi na Tarasaa wapi na wapi? Uwanja wa mbio za farasi unaojulikana hapa Kenya ni ule wa Ngong, Nairobi, uliofunguliwa mwaka wa 1954. Huku kwetu Garsen tumezoea ng'ombe na mtumbwi. Hata hivyo, simu imefupisha safari. Mtu aliyeketi chini ya mwembe hapa Tarasaa anaweza kumwekea dau farasi anayekimbia Uingereza, na kulipa kwa pesa za simu kabla chai yake haijapoa. Wengine huwachezea farasi wasiokuwako duniani, wale wa kompyuta.

Tumchukue mwuza maembe awe mfano wetu. Amelipwa shilingi 6,000 za mzigo wake. Asubuhi amepata madokezo sita kwenye simu, yaani majina ya farasi sita wanaodaiwa kuwa lazima washinde. Kila mmoja amemwekea shilingi 300. Kufikia saa kumi za jioni shilingi 1,800 zimekwenda, na farasi wa mwisho ameshindwa kwa urefu wa shingo tu. Zimebaki 4,200, ambazo ni karo ya mtoto na unga wa nyumbani.

Kufikia hapo mtu huyu amepata hasara, lakini hasara si ugonjwa. Ugonjwa hujitambulisha kwa lile atakalofanya kati ya saa kumi na wakati wa kulala.

Kwa nini madokezo hushindwa?

Kwanza, hata farasi anayetegemewa na wengi hushinda takriban mara moja katika kila mbio tatu. Wataalamu wenye vitabu na saa mikononi hushindwa mara nyingi kuliko wanavyofaulu.

Pili, dokezo likisambaa hujiua lenyewe. Katika kamari ya chungu kimoja, fedha za wote hukusanywa, mwenye mchezo huchukua fungu lake, na zinazobaki hugawiwa washindi. Tuseme watu 100 wameweka shilingi 100 kila mmoja, na mwenye mchezo amechukua 2,000. Zimebaki 8,000. Ikiwa watu 80 walifuata dokezo moja na farasi wao akashinda, kila mmoja atapata shilingi 100, yaani pesa yake ile ile. Ameshinda, na hakuna alichopata.

Tatu, kuna hila. Mtabiri mlaghai ana nambari za simu za watu 640, na mbio zina farasi 8. Huwatumia watu 80 jina la farasi wa kwanza, 80 jina la wa pili, na kadhalika. Yeyote akishinda, watu 80 wameona dokezo likitimia. Katika mbio za pili zenye farasi 8, huwagawa hao 80 kumi kumi. Sasa wako watu 10 walioona utabiri ukitimia mara mbili mfululizo, na hao ndio wanaoitishwa ada. Hawajui kwamba wako wengine 630 waliodanganywa. Ama wale farasi wa kompyuta, mshindi wao huteuliwa na mashine kwa bahati tu. Hapo hakuna cha kudokeza.

Ubongo hufanya nini?

Ubongo una kemikali iitwayo dopamini, ambayo hutusukuma kutafuta chakula, mapenzi na mafanikio. Hupanda sana wakati wa kutarajia, hasa pale tuzo inapokuja bila ratiba. Ndiyo sababu mchezaji husisimka farasi wakiwa bado wanakimbia.

Aidha, watafiti waliopiga picha za ubongo wameona kwamba kukosa kwa nafasi ndogo huamsha sehemu zile zile zinazoamshwa na ushindi. Kwa hivyo yule farasi aliyeshindwa kwa shingo hamwambii mwuza maembe "acha". Humwambia "umekaribia". Akiusikiza wito huo atakopa kwenye simu, ataongeza dau, na ifikapo usiku atakuwa anamfuata farasi asiyemjua hata jina.

Tabia hiyo ya kukimbiza hasara ni moja ya dalili tisa ambazo madaktari wa akili hutumia, na mtu mwenye nne au zaidi katika muda wa miezi 12 huhesabiwa kuwa mgonjwa. Nyingine ni kuhitaji dau kubwa zaidi ili kusisimka, kukosa utulivu unapojaribu kuacha, kucheza ili kutuliza huzuni, kuwaficha watu wa nyumbani, na kutegemea wengine wakulipie madeni. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka uraibu huu katika orodha moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, katika mwongozo wa magonjwa ulioanza kutumika mwaka wa 2022.

Yafaa pia kujua kwamba baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, zinaweza kumtia mtu hamu kali ya kamari. Mzee wako akianza kucheza baada ya kuandikiwa dawa hizo, mwone daktari. Usizikatize mwenyewe.

Jioni hiyo ufanye nini?

Usiweke dau jingine kabla ya jua la kesho kuchomoza. Hamu kali hupanda na kushuka kama maji ya bahari, na mara nyingi hupungua ukitembea, ukioga au ukila. Mpe mwenzi wako au ndugu unayemwamini zile pesa zilizobaki, na umwambie kiasi ulichopoteza. Siri ndiyo mbolea ya ugonjwa huu. Futa nambari za watabiri, na uiombe kampuni ifunge akaunti yako.

Nanyi mlio nyumbani, msimlipie deni kimyakimya. Ukilipa bila masharti umempa dau la kesho. Mlipe karo na unga moja kwa moja, kisha mwandamane naye hadi kituo cha afya. Tiba ipo, na iliyothibitika zaidi ni ya mazungumzo na mshauri, ambayo humfundisha mgonjwa kuzitambua fikira zinazomrudisha mchezoni.

Mwisho, neno zito. Wenye uraibu wa kamari hujiua zaidi kuliko watu wengine, hasa deni linapofichuka. Ukimsikia mtu akisema heri afe, usimwache peke yake. Mpeleke hospitalini, au piga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.

Shilingi 1,800 zimekwenda na hazirudi. Zile 4,200 bado zimo mfukoni, na hizo ndizo za kulindwa usiku huu.