Kuvu Isaidiayo Mizizi

Si kila kuvu ni adui wa mkulima. Mwaka 1885 mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, A. B. Frank, aliupa ushirika wa kuvu na mizizi ya miti jina la mikoriza. Ile iingiayo katika mizizi ya mahindi na vitunguu ni ya namna nyingine: nyuzi zake hutambaa mbali udongoni, huleta fosforasi, nao mmea huilipa kwa sukari.

Basi mtu atasema, "Nitairundikia takataka za shamba, nayo itamea." La, haitamea. Uyoga mwingi hula vilivyokufa, bali kuvu hii hulishwa na mzizi ulio hai tu.

Kwa hiyo huko Pennsylvania, Marekani, David Douds na wenzake walichanganya mboji ya majani sehemu 1 na vamikulaiti, madini mepesi, sehemu 4. Wakaujaza mchanganyiko katika mifuko myeusi, wakapanda nyasi za bahia zilizokwisha kuingiwa na kuvu. Mbona mboji kidogo? Maana mmea ulioshiba fosforasi huipokea kuvu kwa shida. Majira ya baridi jalidi iliziua nyasi. Hata baridi ilipokwisha, udongo ule na mizizi yake ukachanganywa na udongo wa kitalu. Pasipo jalidi, nyasi hukatwa na kunyimwa maji hata zikauke.

Mwenye kitalu cha kabichi asijisumbue. Kabichi na jamaa zake hazishirikiani na kuvu hii.