Somo la Mazingira: Jinsi ya Kusoma Msitu kwa Miguu

Maji yanayofika kwenye mifereji ya Eldoret hayaanzi mjini. Sehemu yake hutoka mito ya Endoroto na Ellegirini, inayoteremka kutoka upande wa Kaptagat hadi bwawa la Two Rivers. Ndiyo maana kikundi cha vijana, wanafunzi au waumini kutoka Munyaka kinachopanga matembezi katika Msitu wa Kaptagat huenda kutembelea chanzo cha maji yake pia.

Kabla ya kuingia, kikundi kiripoti katika ofisi ya Huduma ya Misitu Kenya (KFS) ili kupata ruhusa na mwelekezi. Moto hauwashwi, na taka zote hurudi nyumbani.

Hatua ya 1: Tofautisha msitu na shamba la miti. Saipresi na misonobari iliyo katika mistari, yenye umri mmoja, ilipandwa kwa ajili ya mbao. Msitu wa asili una miti ya kila kimo: mierezi (tarakwet kwa Kikalenjin), podo, mizeituni ya mwituni, na chini yake vichaka na majani yaliyooza.

Hatua ya 2: Chunguza sehemu iliyo wazi. Si kila uwanda wenye visiki ni uharibifu. Saipresi iliyokomaa huvunwa kwa kibali, kisha wakulima huruhusiwa kupanda viazi au maharagwe kati ya miche hadi miche ikue. Huu ndio mpango wa PELIS. Swali la kujiuliza ni moja: miche iko wapi? Penye mazao bila miche, msitu haurudi. Visiki vya mierezi vilivyotawanyika, tanuri la makaa, au mti wa tendwet uliobanduliwa gome pande zote ni dalili za uharibifu. Tendwet hutafutwa kwa dawa, lakini gome likiondolewa kuzunguka shina lote, mti hufa.

Hatua ya 3: Pima udongo. Mimina nusu lita ya maji chini ya miti ya asili, na kiasi hicho hicho kwenye njia iliyokanyagwa na mifugo. Chini ya miti, maji huzama haraka. Kwenye njia hutiririka juu yakibeba udongo. Yaliyozama hulisha chemchemi wakati wa kiangazi. Yaliyotiririka huleta mafuriko na tope bwawani, na kusafisha maji yenye tope hugharimu zaidi.

Hatua ya 4: Fuata mkondo. Mto Sosiani hupita Eldoret, huungana na Kipkaren, kisha Nzoia, hadi Ziwa Victoria. Kinachofanyika Kaptagat huwafikia wengi wasiowahi kuuona msitu huo.

Katiba, kifungu cha 69, inalenga miti ifunike angalau asilimia 10 ya ardhi ya Kenya. Tathmini ya kitaifa ya 2021 ilionyesha asilimia 12.13, lakini misitu yenyewe ilikuwa asilimia 8.83. Miti ya mashambani inasaidia. Haichukui nafasi ya msitu wa asili.

Baada ya matembezi, wakazi wanahimizwa kuripoti ukataji haramu kwa kituo cha KFS kilicho karibu, na kupanda miti ya asili, si mikaratusi, kandokando ya mito. Miche ipandwe mvua ndefu zinapoanza, na itunzwe. Mche uliopandwa na kuachwa kwa mbuzi haujapandwa.