Kufundisha Kilimo cha Karoti kwa Madebe Matatu

Katika mazoezi ya kufundisha tuliyoyasimamia Old Moshi, tuliwahi kutia sahihi andalio la somo la kilimo bila ya kulichunguza vema. Mwanachuo alikuwa amepanga kusia mbegu za karoti kitaluni pamoja na za kabichi, kisha kuhamishia miche yote bustanini. Kabichi zilistawi. Karoti zilipong'olewa, karibu kila moja ilikuwa imegawanyika, na mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona karoti zetu zina miguu?" Mwanachuo akajibu kwamba udongo wa hapo ni mbaya.

Kosa la kwanza lilikuwa letu. La pili ndilo zito zaidi. Watoto wale hurudi jioni katika vihamba ambamo udongo wa aina hiyo hiyo, uliotokana na volkano, umekuza migomba na kahawa ya babu zao. Jibu la mwalimu hufika nyumbani siku ile ile. Kwa hiyo tunapendekeza somo lifuatalo, ambalo huwawezesha wanafunzi kulitafuta jibu wenyewe.

Madhumuni
Mwanafunzi aweze kueleza kuwa karoti ni mzizi mkuu wa mmea, na kwamba mzizi huo ukiumizwa ncha au ukizuiwa njia, hugawanyika.

Zana
Madebe matatu ya lita 20 yaliyotobolewa chini, udongo laini uliochekechwa, samadi iliyooza kabisa, mchanga, kokoto na mbegu. Tunatumia madebe kwa sababu vihamba vimekuwa vikigawanywa kizazi hadi kizazi, na baadhi ya watoto hawana nafasi ya tuta. Debe hutosha kando ya jiko.

Hatua
Madebe yote yatiwe mchanganyiko mmoja wa udongo, samadi na mchanga, ila debe la pili liongezewe kokoto. Katika debe la kwanza na la pili, mbegu zisiwe kwa kina cha sentimita 1. Debe la tatu lipandwe miche iliyohamishwa kutoka kitaluni. Mengine yote, yaani maji, jua na nafasi, yawe sawa. Vinginevyo hatutajua ni jambo gani lililoleta tofauti.

Mbegu huchukua wiki moja hadi tatu kuota, na udongo wa juu usikauke katika muda huo. Hapa ndipo watoto wengi hukata tamaa, basi mwalimu awape zamu za kumwagilia. Miche ikifikia sentimita 5 hivi, ipunguzwe ili ibaki sentimita 5 kati ya mche na mche. Hesabu nayo ipate nafasi yake: mdomo wa debe wenye upande wa sentimita 23, ukiachwa sentimita 4 kila ukingo, hubeba miche mingapi? Jibu ni 16.

Kabla ya kung'oa, kila mwanafunzi aandike anachotarajia kukiona katika kila debe. Hatua hii isirukwe. Karoti huficha matokeo yake ardhini kwa siku 90 hivi, na asiyeandika utabiri wake atadai baadaye kwamba alijua tangu mwanzo.

Kupima
Mwanafunzi achore karoti moja ya kila debe na kueleza sababu ya umbo lake. Kisha aulizwe: kabichi huhamishwa bila ya madhara, kwa nini si karoti? Atakayejibu kuwa kabichi twala majani, na karoti twala mzizi wenyewe, amelielewa somo.

Hitimisho
Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka kazi ya shamba iwe sehemu ya kujifunza. Shamba ambalo mtoto hulima bila ya kuuliza halitimizi shabaha hiyo. Wakufunzi wenzetu, karoti zenye miguu tusizitupe kwa kuona aibu. Tuziweke mezani mbele ya darasa, na mwalimu aliyekosea awe wa kwanza kusema ni kwa nini.